Ukurasa wa Tarehe Kumi na Nne Novemba

Mwamkulu, 18 Februari 1996

Mdogo wangu Sista Immaculata,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora. Sisi hapa tuko salama, isipokuwa mama, ambaye macho yamezidi. Sasa hata mlango anautafuta kwa mkono. Shemeji yako Ladislas anakusalimia. Watoto wote watano wanakusalimia, na Telesfori ametimiza miaka tisa tarehe tano Januari, siku ya somo wake. Mpunga umekubali mwaka huu, mvua ilitukuta tumeshapandikiza.

Picha yako ya nadhiri mama ameipokea. Haioni, lakini amekipapasa kioo chake mpaka kimejaa alama za vidole, na mgeni yeyote akiingia lazima aoneshwe. Anayekifuta kila asubuhi ni mimi. Juzi nilikuwa namwosha miguu, akaniambia, "Immaculata ana mikono laini." Nikamwambia, "Mama, Immaculata hajawahi kukuosha miguu." Akasema, "Lakini mikono yake ni laini." Nimekuandikia hilo ucheke. Mimi sikucheka.

Sasa jambo lenyewe. Kanisa la kigango chetu limefika kwenye lenta, juu ya madirisha. Padre amesema mwezi wa tisa tutachagua mtakatifu wa kulisimamia. Kila upande ulete jina na maisha ya mtakatifu wake yameandikwa, yasomwe mbele ya Wakristo, kisha watu wanyooshe mikono. Akina mama wa upande wetu wamenichagua mimi, kwa sababu maji ya kufyatulia tofali za kanisa niliyachota na kuyasimamia kiangazi kizima. Nimewaambia namtaka somo wangu, Mtakatifu Vénérande. Wakaniuliza ni nani. Nikasema mfiadini. Wakaniuliza aliuawaje. Nikasema nitaleta.

Katekista Ambrosi ana kalenda ya kanisa, na kwenye tarehe kumi na nne Novemba imeandikwa namba tu. Yako unaijua. Kila tarehe nane Desemba nchi nzima inaimba, mama anachinja jogoo kwa ajili yako na wewe haupo kumla. Siku yangu inapita hata chai haiongezwi sukari.

Lakini kile kitabu cha baba kinaye. Wewe ulizaliwa baadaye, ngoja nikukumbushe: kitabu cha watakatifu cha Kifaransa, kila siku na ukurasa wake. Mama alikitoa Burundi mwaka wa sabini na mbili ndani ya gunia la maharage, siku chache baada ya baba kuchukuliwa pale shuleni alipokuwa mwalimu, asirudi. Nguo ya kubadili hakubeba, kitabu alibeba. Ulipokwenda utawani akakupa wewe, na mimi sikusema neno. Nakumbuka chini ya ukurasa wangu baba aliandika kwa wino wa bluu. Aliandika Kifaransa, nami nilikuwa nasoma Kirundi tu, nikangoja nikue aniambie. Wewe Kifaransa umefundishwa. Ninakilie ukurasa wote, ya mtakatifu na ya baba. Ifike kabla ya mwezi wa tisa.

Ni mimi dada yako,
Vénérande


Tabora, 31 Machi 1996, Jumapili ya Matawi

Dada yangu mpendwa,

Milele, amina. Barua yako niliipata Alhamisi, nikaisoma bustanini nikiwa nimeinamia kabichi ili wenzangu wasinione uso. Sijambo. Nafundisha wasichana cherehani asubuhi, jioni namwagilia. Chakula kipo, usingizi upo. Mwambie mama kila siku namtaja kwenye rozari, fumbo la tatu.

Umeandika "watoto wote watano" ukapita tu, kama mtu anayetaja ndoo. Mimi nilirudi nikausoma mstari huo mara mbili. Meno ya Telesfori yameshaota? Ni nani kati yao analala na mama? Unaniambia habari za mpunga kwa kirefu, watoto unawafunga wote kwenye mstari mmoja.

Ili na wewe usikose cha kuwasomea, nimewanakilia masomo wa nyumbani kwako kutoka kwenye kitabu. Mtakatifu Telesfori alikuwa Papa wa Roma, karne ya pili, wakati Wakristo wakiwindwa. Wazee wa Kanisa waliandika kwamba alikufa kifo cha utukufu, maana yake aliuawa kwa ajili ya imani. Jinsi alivyouawa hawakuandika. Mtakatifu Ladislas yeye alikuwa mfalme wa Hungaria, na inasemekana alikuwa mrefu kuliko watu wake wote. Huyu si mfiadini, alikufa kwa ugonjwa.

Ule ukurasa wako vuta subira kidogo. Kitabu kimechakaa, mishono imeachia, nimempa Bruda mmoja anayeshona vitabu. Kikirudi nitaandika.

Pasaka njema. Nakubusu mikono, na ya mama.

Sista Immaculata


Mwamkulu, 9 Juni 1996

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama anakohoa kidogo lakini anakula. Tumevuna. Analala na mama Providence, yule wa pili kutoka mwisho, kwa kuwa hasumbui kwa mateke. Meno ya Telesfori yameota, makubwa, hajui ayaweke wapi.

Umenitia matatani na mfalme wako wa Hungaria. Ladislas tangu nimsomee anataka kikombe kiletwe na sahani yake chini. Nikimwambia akachanje kuni ananitazama kwanza. Telesfori naye anawaambia wenzake somo wake alikuwa Papa, amepigana mara mbili kwa ajili hiyo. Nyumba nzima ina wakubwa. Mimi peke yangu ndiye nimebaki na jina lisilo na mtu ndani.

Na nikuulize kitu. Umeandika kitabu kiko kwa Bruda anashona. Ya Ladislas umenakili kutoka wapi? Tarehe yake ni Juni, ya Telesfori ni Januari. Yote umeyaona, ya Novemba tu ndiyo imekwenda kushonwa?

Sasa sikia hili. Upande wa barabarani, wa akina Jeannine, nao wameleta jina. Wanamtaka Maria Imakulata. Jeannine ana karatasi mbili zimejaa, amenakiliwa na mtu wa parokiani kwa mwandiko mzuri. Siku aliponiambia nilikuwa na tofali sita kichwani, nikazitua. Nina wivu, Immaculata, nakuandikia waziwazi kwa kuwa kwa Padre nimeshaungama na haujaondoka. Picha yako iko ukutani kwangu, jina lako liko mdomoni mwa mama yangu, jogoo wangu anachinjwa siku yako, na sasa hata kanisa nililolibebea tofali liitwe wewe! Mimi sishindani na Mama wa Mungu. Nashindana na wewe, na yeye anajua tofauti.

Nakuomba ukurasa mmoja. Sijawahi kukuomba kitu kingine tangu uzaliwe.

Vénérande


Tabora, 28 Julai 1996

Dada mpendwa,

Milele, amina. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa kwenye mafungo na hatukuruhusiwa kuandika. Kikohozi cha mama kimeishaje?

Nimetafuta kwenye maktaba yetu. Mtakatifu Vénérande ametajwa mahali pamoja tu, kwa mstari mmoja, kwamba alikuwa bikira na mfiadini wa zamani. Nakutumia pamoja na picha ndogo ya mfiadini mwingine mwenye tawi la mtende mkononi. Unaweza kuisimamisha mbele yao, hawatajua.

Nimefikiri pia. Watakatifu hawagombaniwi, dada. Kama watu wanamtaka Maria Imakulata, kwa nini usiwaachie? Ungepata amani.

Kitabu bado.

Sista Immaculata


Mwamkulu, 22 Septemba 1996

Sista,

Mama mzima. Wote wazima.

Leo baada ya ibada wamechagua. Jeannine alisoma karatasi zake mbili, na alisoma vizuri, sitamnyima haki yake. Halafu wakaniita. Picha yako ya tawi la mtende niliiacha nyumbani, maana mimi siwezi kumsimamisha mtu wa watu na kumwita somo wangu. Nilisimama na ule mstari mmoja. Nikausoma, ukaisha kabla watu hawajatulia kwenye mabenchi.

Mzee Yotham akauliza, "Aliuawaje huyo, mama?" Nikasema sijui. "Alikuwa mtu wa wapi?" Nikasema sijui. "Sasa nyie mnataka tumwombe mtu hata mwenye jina lake hamjui?" Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na ndiyo ikaniuma zaidi.

Wakanyoosha mikono. Upande wangu tulipata kumi na moja. Mfalme wa Hungaria alinyoosha pande zote mbili, anasema alidhani mara ya kwanza ni majaribio. Na mama, niliyemleta mwenyewe nikimshika mkono njia nzima asijikwae, aliposikia jina lako alikuwa wa kwanza kunyoosha. Alinyoosha mikono miwili.

Uliniambia niwaachie nipate amani. Kumbe ulishajua hutanipa. Ukurasa ule haukugharimu kitu, ni kalamu na nusu saa. Umekaa na kitabu cha baba yangu, maana yeye alikuwa baba yangu nikimjua sura na sauti, na ukanificha hata alichoniandikia. Kama ulitaka nisiwe na kitu, umefanikiwa. Usiniandikie tena mpaka mama akiuliza.

V.


Tabora, 1 Novemba 1996, Watakatifu Wote

Dada Vénérande,

Mama hajauliza, lakini naandika. Barua hii na kifurushi anakuletea Mbaruku, yule mwenye duka karibu na stesheni ya Mpanda, amekuja huku kufuata vitenge. Nimemwambia asimpe mtu mwingine. Akaniuliza, "Sista, kuna dhahabu humu?" Nikamwambia ni kitabu, akakishika kwa heshima zaidi.

Kitabu hakikwenda kwa Bruda yeyote. Kilikuwa chini ya mto wangu wakati nakuandikia uongo ule, kwenye Jumapili ya Matawi. Nimeshaungama kwa Padre, lakini yeye siye niliyemkosea.

Ukurasa wako haukuwemo kitabuni. Niliuchana mimi, mwaka wa themanini na mbili, nikikaribia miaka kumi. Wewe ulikuwa umeshaolewa Mwamkulu. Kila tarehe kumi na nne Novemba mama alikuwa anatoa kitabu, anafungua kwako, anaweka kidole juu ya ule wino wa bluu, analia, anafunga. Mwaka ule alipokwenda shambani nilifungua mwenyewe. Niliona mwandiko. Nikaenda mbele mpaka tarehe nane Desemba, nikatazama chini. Palikuwa peupe. Nikageuza upande wa pili, nikasogeza mlangoni kwenye mwanga, nikidhani labda wino umefifia.

Baba alichukuliwa mwezi wa tano. Mimi nimezaliwa mwezi wa kumi na mbili. Hakujua hata kama nipo.

Wewe una miaka kumi na moja yake. Una sauti yake, unajua alivyokuwa akikohoa akiingia nyumbani, uliwahi kunisimulia hivyo huku ukipepeta mchele, na mimi nikatoka nje ukadhani nimekwenda kucheza. Mimi sikuwa na kitu hata kimoja, halafu wewe uwe na maandishi pia. Nikauchana. Nilitaka kuutupa chooni, nikafika mlangoni nikashindwa, kwa sababu mwandiko mwingine wa baba sina. Nikauficha ndani ya jalada la katekisimu yangu. Mama alipouona haupo alisema ni panya, nami nikakubali kwamba ni panya.

Huku nilipofundishwa Kifaransa niliusoma kwa mara ya kwanza nikauelewa. Nililia siku nzima, masista wakadhani nimeguswa na neema. Ulikuwa ni wivu mtupu.

Juu ya somo wako kuna mistari minne tu: bikira, mfiadini, inasemekana aliuawa Gaul, ndiyo Ufaransa ya sasa, na habari zake nyingine zimepotea. Sehemu iliyobaki ni sala. Usingeshinda hata kama ningeutuma, lakini hilo halinitoi kwenye kosa. Chini ndipo baba ameandika. Nakuwekea kwa Kiswahili:

"14 Novemba 1960. Leo asubuhi amezaliwa binti yetu wa kwanza. Nilikuwa nimeomba mtoto wa kiume. Nimempakata, na sikumbuki tena nilichoomba. Leo sikuweza kufundisha."

Ukurasa uko ndani, kwenye bahasha ya peke yake. Kitabu chote ni chako pia. Mimi sistahili kukaa nacho.

Immaculata


Mwamkulu, 9 Desemba 1996

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama mzima, anakohoa usiku tu. Mwaka huu katekista ametangaza sikukuu yako ihamie Jumatatu, kwa sababu jana ilikuwa Jumapili ya Majilio. Mama hakutaka kusikia mambo ya Majilio, jogoo amechinjwa jana hiyohiyo. Na leo Padre amebariki kanisa. Linaitwa Maria Imakulata, bati zinang'aa, Jeannine ameimba mpaka sauti imemkauka. Mimi nilikaa benchi la tatu na nilipiga vigelegele. Vilitoka vyenyewe, sikuvituma.

Mbaruku alifika tarehe kumi na mbili mwezi uliopita. Bahasha sikuifungua. Nilingoja siku mbili, mpaka tarehe yangu. Siku hiyo nikaongeza sukari kwenye chai yangu vijiko vinne, nikafukuza watu wote nyumbani, nikafungua. Sitakuambia nilifanya nini. Ladislas aliporudi alinikuta nimekaa chini, akachanja kuni bila kuambiwa.

Nilikuchukia wiki mbili, nakwambia ukweli. Nilikuwa nikipepeta nakuchukia, nikiteka maji nakuchukia. Picha yako niliacha kuifuta, mama akiipapasa akasema, "Mbona kioo kina vumbi?" Hapo nikamwambia yote. Kisha nikamuuliza lile nililolibeba miaka yote, kwa nini kila siku ni Immaculata, jina kubwa Immaculata, kitabu Immaculata, na mimi niliye hapa ndiye nisiyeonekana. Hakukasirika. Akasema, "Wewe ulikuwa na baba miaka kumi na moja. Yule ningempa nini?"

Nilitoka nikaenda kusimama kwenye mpunga.

Kitabu nakurudishia kwa Mbaruku huyohuyo, tena ameuliza kama safari hii ndiyo dhahabu. Fungua tarehe nane Desemba. Sina wino wa bluu, nimetumia kalamu ya Telesfori, na mwandiko wangu unaujua ulivyo. Mama amesema maneno machache, mengine ni yangu. Nimeandika hivi:

"8 Desemba 1972. Leo amezaliwa mdogo wangu, kambini, mvua inanyesha. Nilikuwa nimeomba baba arudi, nikaletewa mtoto. Nilimkasirikia siku tatu, sikumtazama. Siku ya nne mama alikuwa na homa, nikambeba. Sikumshusha mpaka alipojua kutembea."

Hayo ndiyo maandishi yako. Hayakuandikwa na baba, lakini aliyeyaandika alikuwepo.

Ila ukurasa wangu usiutafute humo kitabuni. Sikuushona, nimebaki nao. Wewe umekaa nao miaka kumi na minne, na mimi nitakaa nao kumi na minne yangu. Mwaka elfu mbili na kumi uniandikie uuombe, nami nitafikiri, na pengine nitakujibu kwamba niko kwenye mafungo.

Dada yako,
Vénérande